Nyoka Asiyekutana na Mkia Wake

Kama umekulia mtaani Nairobi, kuna uwezekano uliambiwa hivi: mkanda wa jeshi ni nyoka. Anaanzia mgongoni, anatambaa kwenye mbavu kuja tumboni, na siku kichwa na mkia vikikutana, mwenye mwili anakufa. Mimi niliambiwa nikiwa darasa la nne na nikaamini kabisa.

Nilipokuja kusoma nikaona hatuko peke yetu. Wanaoongea Kihispania huuita culebrilla, yaani kijoka. Waarabu husema hizam nari, mkanda wa moto. Wanorwei wana helvetesild, moto wa jehanamu. Madaktari nao wanatumia Kigiriki, herpes zoster: neno la kwanza linatokana na kutambaa, la pili ni mkanda. Na si mkanda wa suruali. Kwenye Iliad ya Homer, zoster ni mkanda wa vita, na wa Menelaus ndio uliopunguza nguvu za mshale aliopigwa. Kwa hivyo Mgiriki wa kale na Mswahili, bila kuulizana, waliangalia upele mmoja na wote wawili wakaona askari.

Lakini kilichonipeleka kwenye historia hii si Wagiriki. Ni Shangazi.

Ana miaka 58, anauza mitumba Gikomba, na naishi naye Umoja tangu nilipoachana na chuo mwaka wa pili. Mwaka jana, Jumatatu jioni, alirudi akisema mbavu za kulia zinamchoma. Tukadhani ni robota alilobeba. Jumanne saa moja asubuhi upele ulikuwa umeshatoka, malengelenge yamejipanga kama shanga kutoka mgongoni hadi chini ya titi. Nikasema twende hospitali. Akajifunga leso, akafunga na mlango.

"Usiambie mtu," akasema. "Jirani akiuliza, mwambie ni mgongo."

Sikumwelewa mpaka nikarudi nyuma miaka arobaini. Kisa cha kwanza cha Ukimwi kilirekodiwa Kenya mwaka 1984. Miaka hiyo, madaktari wa Afrika ya Kati na Mashariki walikuwa wanaona kitu kisicho cha kawaida: mkanda wa jeshi, ambao vitabu vyao vilisema ni ugonjwa wa wazee, ulikuwa unashika vijana. Mwaka 1988 watafiti waliokuwa Kinshasa wakachapisha ripoti kwamba kwa wagonjwa wao, mkanda ulikuwa kidokezo kikubwa cha HIV. Baadaye Shirika la Afya Duniani likauweka kwenye dalili za hatua ya pili ya maambukizi hayo. Kwa daktari hiyo ilikuwa habari ya maana, maana ilimwambia apime. Shida ni kwamba habari haikubaki kwenye faili. Iliteremka mtaani, na ilipofika ikawa hukumu.

Shangazi anakumbuka kijana mmoja wa ploti yao, miaka ya tisini, aliyetokwa na mkanda usoni. Kabla malengelenge hayajakauka, kikombe chake kilikuwa kimeshatengwa na vya wengine, na mwenye nyumba ameanza kuuliza atahama lini. Hakuna aliyempima. Upele ulitosha. Rais Moi alipotangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa, Novemba 1999, ARV zilikuwa bado dawa za wenye pesa. Mtu angejitokeza kwa sababu gani?

Ndiyo maana nasema tiba ya mkanda nyumbani, hapa kwetu, imekuwa na kazi mbili: kutuliza na kuficha. Ya kwanza ni nzuri na ina historia ndefu. Ya pili ndiyo imetuumiza.

Tuanze na ile nzuri. Siku hizo mbili nilimtunza Shangazi ndani ya nyumba. Kitambaa safi cha pamba kimelowekwa maji baridi, kinawekwa juu ya upele dakika kumi, kinatolewa. Barafu hapana, inaumiza ngozi ambayo tayari imechoka. Dera pana, bila sidiria. Panadol kwa kipimo cha kwenye pakiti. Na ile chupa ya pinki ya kemisti, kalamaini.

Chupa hiyo ina ukoo mrefu. Dioscorides, tabibu Mgiriki wa karne ya kwanza, tayari alikuwa anaandika kuhusu dawa za zinki za kutibu ngozi. Kalamaini ya leo ni zinki pia, na upinki wake unatokana na oksidi kidogo ya chuma, ukoo mmoja na kutu. Ukiipaka, maji yake yanakauka, yanaondoka na joto la ngozi, na mwasho unapungua. Kazi yake inaishia hapo. Kirusi chenyewe haikigusi.

Shangazi alitaka pia kupasua malengelenge kwa sindano, "sumu itoke." Nilikataa. Ukipasua unafungulia vijidudu vingine mlango, na kovu linabaki.

Usiku wa Jumatano nikamkuta mbele ya kioo na tochi ya simu. Alikuwa anapima kwa vidole nafasi iliyobaki kati ya mwisho wa upele na katikati ya kifua. Vidole vinne. Mama mzima, amelea watoto na kuzika mume, alikuwa anasubiri kichwa cha nyoka.

Hapo ndipo nilipomwambia habari za Henry Head. Mwishoni mwa karne ya 19, János Bókay, daktari wa watoto kule Budapest, alikuwa ameshaona kwamba watoto waliokaa karibu na mtu mwenye mkanda walikuwa wanapata tetekuwanga. Kisha mwaka 1900, Head na mwenzake Alfred Campbell wakachapisha walichoona baada ya kupasua maiti za watu waliowahi kuugua mkanda. Jeraha halikuwa kwenye ngozi peke yake. Lilikuwa kwenye vifundo vya neva kando ya uti wa mgongo. (Head hakuwa mtu wa mchezo na maumivu: mwaka 1903 alikubali kukatwa neva ya mkono wake mwenyewe ili achunguze jinsi hisia zinavyorudi.) Katika miaka ya 1950, Thomas Weller wa Marekani akathibitisha maabara kwamba kirusi cha tetekuwanga na cha mkanda ni kimoja. Ukipona tetekuwanga utotoni, kirusi hakitoki. Kinalala kwenye vile vifundo, na kinga ikishuka kwa uzee, kwa ugonjwa au kwa dawa fulani, kinaamka na kufuata neva moja mpaka kwenye ngozi.

Sasa, kila neva ya hapo ina upande wake. Ya kulia inahudumia ukanda wa kulia na inaishia katikati ya mwili. Nikachora kwa kalamu kwenye fulana yangu kuukuu mahali inapokomea.

"Kwa hivyo havuki?" akauliza.

"Havuki, Shangazi. Barabara yake inaishia hapo."

Na hata yule mgonjwa adimu ambaye upele unamtokea pande zote mbili, kukutana kwake si kifo.

Alhamisi saa kumi jioni tulikuwa zahanati. Nilikuwa nahesabu saa: 57 tangu upele utoke. Hesabu hiyo ina maana kwa sababu dawa ya kirusi hiki, asikloviri, inafanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Inafupisha siku za malengelenge na kupunguza makali. Ilitengenezwa miaka ya 1970 na kikosi cha kampuni ya Burroughs Wellcome, ambako Gertrude Elion alikuwa kiongozi wa utafiti. Elion hakuwahi kumaliza uzamifu. Chuo kilimtaka aache kazi asome mchana kutwa, naye akachagua kazi. (Jina hilo huwa nalikumbuka kila ninapoulizwa nitarudi chuo lini.) Mwaka 1988, mwaka ule ule wa ripoti ya Kinshasa, akapewa tuzo ya Nobel. Yaani mwaka mmoja ulikuwa na habari mbili kuhusu mkanda: moja ya kuogopesha, nyingine ya dawa. Mtaa wetu ulipokea moja tu.

Kama uko na mtu nyumbani mwenye mkanda leo, mtulize kwa kitambaa na kalamaini, lakini mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Ukitoka kwenye paji la uso, pua au karibu na jicho, hiyo ni dharura, unaweza kula jicho. Funika upele, na mpaka ukauke akae mbali na vichanga, watu wenye kinga dhaifu na wajawazito ambao hawajawahi kuugua tetekuwanga.

Zahanati walipendekeza apimwe HIV. Akakubali. Majibu sitayaandika. Nikiandika kwamba hana, nitakuwa namtetea kana kwamba kulikuwa na kesi. Na akiwa nayo, dawa zipo, na bado si kesi.

Malengelenge yalikauka wiki ya pili. Maumivu hayakuisha yote. Neva ikishaungua inaweza kulalamika miezi mingi, na hata sasa akijigeuza vibaya usiku namsikia akivuta pumzi kwa meno. Lakini lile leso halifichi kitu tena. Mwezi uliopita mteja alipomwonyesha upele mgongoni, Shangazi alifunga kibanda saa tano asubuhi, biashara ikiwa imechangamka, akampeleka zahanati mwenyewe.