Chai ya China ya mkaa, na unyevu wetu wa pwani

Ndugu mkulima, ndugu mfanyabiashara wa Kilwa na Lindi, wengi mnauliza kwa nini paketi ya majani ya chai ikishafunguliwa huku kwetu hupoteza harufu upesi. Jibu fupi ni unyevu. Wachina walipambana na unyevu huo huo zamani, na dawa yao ilikuwa mkaa.

China si ngeni hapa. Neville Chittick alipochimba magofu ya Kilwa Kisiwani miaka ya 1960 alipata vyombo vya kaure vya China, hata katika jumba la Husuni Kubwa la Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ibn Battuta alimkuta sultani huyo mwaka 1331, na miaka ya 1340 akafika Quanzhou, bandari ya jimbo la Fujian. (Ukiona kigae pale Kisiwani kiache, ni urithi wa dunia tangu 1981.)

Lakini chai ninayoizungumzia hakuikuta huko Fujian. Wachina walikuwa wakinywa chai, ila chai ya ulongi ilikuja baadaye, yapata karne ya 17, katika milima ya Wuyi ya jimbo hilo hilo. Majani hunyaushwa, hutikiswa mpaka kingo ziwe nyekundu, kisha hutiwa moto kabla hayajageuka meusi kama ya kwetu. Mwisho huja mkaa. Huachwa uwake mpaka moshi wote uishe, hufunikwa majivu, na juu yake huwekwa kikapu cha mwanzi chenye majani, saa nyingi, kwa joto la chini. Unyevu hutoka, ukali hupungua, na majani hukaa muda mrefu. Yakilainika ghalani, hurudishwa motoni.

Chai yetu ina historia fupi. Wajerumani waliijaribu Amani, Usambara, na kule Rungwe mwanzoni mwa karne ya 20. Kilimo cha biashara kikaanza 1926. Hukaushwa kiwandani kwa hewa ya moto, hivyo inaondoka huko ikiwa kavu. Dukani kwako ndiko inakoharibikia.

Kwa hiyo nunua kiasi unachouza kwa wiki chache. Tia kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, mbali na sabuni, mafuta ya taa na samaki wakavu, maana chai hunyonya kila harufu. Majani yakilainika kidogo tu, yapashe kwenye sufuria kavu juu ya makaa yaliyofunikwa majivu, ukigeuza, mpaka yavunjike ukiyafikicha. Yapoe kabisa kabla ya kufunika kopo. Moshi ukiingia, umeyaharibu. Yakiwa na ukungu, tupa: sumukuvu haiondoki kwa kukaanga, iwe kwenye karanga au kwenye chai.

Na siku ukiletewa ulongi yenyewe, usiichemshe sufuriani kama tulivyozoea, wala usitie maziwa. Chukua buli dogo linaloingia nusu kikombe cha maji, tia gramu 5 hivi za majani, mimina maji yanayochemka, hesabu mpaka 20, kisha mimina yote kwenye vikombe vidogo. Majani hayo hayo yatilie maji tena, ukiongeza muda kidogo kila mara. Yatakupa mara tano au sita, na ladha hubadilika kila mara. Wengine huipenda ya tatu kuliko ya kwanza. Ndiyo maana bei yake, inayotisha ukiitazama kwa kilo, si mbaya hivyo ukiihesabu kwa kikombe.

Aliyekulia kwenye kahawa chungu ya dele hapa Kivinje hatapata tabu nayo: haina sukari, imepita kwenye mkaa, na kikombe ni kile kile kidogo. Kashata pembeni inaruhusiwa.