Tarehe ya Vicars' Close, Mtaa wa Waimbaji wa Wells

Katika mji mdogo wa Wells, kusini-magharibi mwa Uingereza, upande wa kaskazini wa kanisa kuu, upo mtaa uitwao Vicars' Close. Nyumba zake za mawe zimeshikamana ukuta kwa ukuta, safu mbili zikitazamana, na hazijakosa wakazi tangu karne ya 14.

Mwasisi wake ni Askofu Ralph wa Shrewsbury. Waimbaji walioshika nafasi za makanoni katika sala walikuwa wametawanyika mjini, naye akataka wakae pamoja chini ya kanuni moja. Mwaka 1348 akawapa ukumbi wa kulia, kisha zikafuata nyumba. Kila mwimbaji alipata chumba cha chini na kimoja cha juu. Chakula kilikuwa ukumbini, na ndoa ilikuwa marufuku, hivyo vyumba viwili vilimtosha.

Karne ya 15 ilikamilisha sura ya mtaa. Kanisa dogo lilijengwa kwenye ncha ya kaskazini. Mwaka 1459 Askofu Thomas Beckington akajenga Chain Gate, lango lenye ujia juu yake, waimbaji wapite kutoka ukumbini hadi kanisa kuu bila kukanyaga barabara. Alipofariki mwaka 1465, wasii wake walitumia mali aliyoiacha kuinua dohani ndefu za pembe nane, zenye ngao zake na zao wenyewe.

Ukisimama upande wa ukumbi, mtaa huonekana mrefu kuliko ulivyo. Safu zake hazikwenda sambamba: kadiri unavyopanda kuelekea kanisa dogo ndivyo zinavyokaribiana, hata upana ukapungua kwa takriban mita 3. Ukitazama kutoka juu, mtaa unafupika.

Yalipokuja Matengenezo ya Kanisa katika karne ya 16, waimbaji wakaruhusiwa kuoa. Familia hazikuenea katika vyumba viwili, basi kuta za kati zikatobolewa na nyumba zikaunganishwa. Zilizokuwa 42 leo ni 27. Nambari 22 ndiyo iliyobaki na sura yake ya nje ya awali.

Naona siri ya uhai wa mtaa huu ni wakazi wake. Kila kizazi kilibadilisha kilichokibana, kikaacha mengine yalivyokuwa. Wanaotunza mitaa ya kale wasianze kwa kuwahamisha watu, kwani nyumba isiyo na mwenyewe haichelewi kubomoka.