Kitabu Kilichoruhusiwa na Diski Iliyokatazwa

Katika mwezi wa Februari mwaka 1994, mhandisi Mmarekani aitwaye Philip Karn aliipelekea Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi yake ombi dogo lenye adabu. Alitaka kujua kama sheria ilimruhusu kupeleka ng'ambo kitabu cha Bruce Schneier kiitwacho Applied Cryptography, kitabu kilichokuwa kikiuzwa wazi madukani, na ambacho ndani yake zilikuwamo kurasa nyingi za programu za kompyuta za kufumba maandishi. Wizara ilijibu kwamba kitabu hakikuwa chini ya mamlaka yake. Kingeweza kwenda popote. Karn akauliza tena, mara hii juu ya diski yenye programu zile zile zilizochapwa kitabuni. Mwezi wa Mei akajibiwa kwamba diski hiyo imo katika orodha ya zana za vita, na kuisafirisha bila kibali ni kosa. Basi maneno yale yale yalikuwa elimu yalipokaa juu ya karatasi, yakawa silaha yalipokaa juu ya plastiki. Karn alikwenda mahakamani, na mwaka 1996 jaji mmoja wa Washington akaitupa kesi yake.

Ni rahisi kuwacheka makarani walioandika majibu hayo mawili. Walakini sheria waliyoitumikia haikuzuka bure. Tangu zamani elimu ya kufumba na kufumbua habari ilikuwa mali ya wafalme, mabalozi na majemadari. Katika Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliokusanyika Bletchley Park walizisoma habari za siri za Wajerumani, na Wamarekani wakazisoma za Wajapani. Maisha ya watu wengi yaliokolewa kwa kujua adui anataka kufanya nini. Watu walioyaona mambo hayo kwa macho yao ndio walioihesabu elimu hiyo pamoja na mizinga na manowari. Marekani ilianzisha Shirika la Usalama wa Taifa mwaka 1952, na kwa muda wa zaidi ya miaka 20 shirika hilo lilikuwa karibu peke yake katika kazi hii. Raia aliyetaka kujifunza alikuta vitabu vichache na milango mingi iliyofungwa.

Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha makala iliyoubomoa upweke huo. Walionyesha kwamba inawezekana mtu awe na funguo mbili: mmoja autangaze kwa walimwengu wote, ambao kila atakaye ataufungia barua, na wa pili aufiche kwake, ambao ndio pekee utakaoifungua. Mwaka uliofuata Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wa chuo cha MIT walipata hesabu ya kulitimiza jambo hilo. Haikosi msomaji atastaajabu kusikia kwamba Waingereza walikuwa wamekwisha kutangulia. James Ellis na Clifford Cocks, watumishi wa idara ya siri ya serikali, waliyagundua mambo hayo kati ya mwaka 1970 na 1973, wakaamriwa kunyamaza, na habari zao hazikutolewa mpaka mwaka 1997. Ugunduzi ule ulilala kabatini robo karne bila ya kumfaa mfanyabiashara, mganga wala mwandishi wa habari. Ellis mwenyewe alifariki wiki chache tu kabla ya kutangazwa.

Mafundi wa elimu hii wana kanuni ambayo mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili ataiona kuwa ngeni. Wahenga wetu walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atang'amua. Na washairi wa pwani walifumba wakitumaini kwamba mwenye kustahili kuelewa ataelewa. Auguste Kerckhoffs, Mholanzi aliyefundisha Ufaransa, aliandika mwaka 1883 katika jarida la mambo ya kijeshi kwamba njia ya kufumba haifai kutegemea ujinga wa adui. Adui na aijue njia yote, aushike mtambo wenyewe mkononi. Kitu kimoja tu kibaki siri, nacho ni ufunguo. Kanuni hii ndiyo inayoeleza kwa nini wapenzi wa programu huria, yaani programu ambazo maandishi yake yameachwa wazi ili kila mtu ayasome na kuyatengeneza, walijikuta katika ugomvi mmoja na wataalamu wa mafumbo. Njia iliyofichwa hukaguliwa na wachache. Iliyo wazi hupigwa na kila nyundo, na ikisimama, kusimama kwake kuna maana.

Philip Zimmermann, mtengenezaji wa programu wa mji wa Boulder katika jimbo la Colorado, alikuwa mtu wa fikira hizo. Mwaka 1991 katika Baraza la Seneti ulikuwapo mswada wenye kifungu kilichowataka watengenezaji wa vyombo vya mawasiliano kuhakikisha kwamba serikali, ikiwa na idhini ya sheria, itaweza kupata maneno ya wazi ya mazungumzo yote. Zimmermann alihofu kwamba kazi aliyokuwa akiifanya ingepigwa marufuku kabla haijaisha. Akaharakisha, na mwezi wa Juni akaitoa bure programu yake iitwayo PGP pamoja na maandishi yake yote. Kifungu kile hakikupita. Lakini PGP ilikuwa imekwisha kuingia katika intaneti, na intaneti haina forodha. Baada ya muda mfupi watu wa nchi nyingine walikuwa wakiitumia.

Hapo sheria ya silaha ikaamka. Kuanzia mwaka 1993 Zimmermann alichunguzwa kwa tuhuma ya kusafirisha zana za vita bila kibali. Uchunguzi uliendelea kwa miaka kama mitatu, naye wakati wote huo hakujua kama atapelekwa kizimbani au hatapelekwa; mwezi wa Januari mwaka 1996 akaambiwa kwamba shauri limefungwa, bila ya kuelezwa sababu. Inafaa kukumbuka kwamba mtu huyu hakuuza kitu wala hakupeleka kitu kwa adui. Kosa alilotuhumiwa lilikuwa kwamba kitu alichowapa majirani zake bure kilivuka mpaka.

Katika muda huo marafiki zake walilikumbuka jibu la Wizara kwa Karn, wakalichukua kama lilivyo. Mwaka 1995 shirika la uchapaji la MIT lilitoa kitabu kikubwa chenye maandishi yote ya PGP, kwa herufi zilizochaguliwa ili skana izisome bila taabu. Kitabu hakikatazwi; Katiba ya Marekani, katika Badiliko la Kwanza, inalinda uhuru wa maneno na wa uchapaji. Toleo jipya lilipotoka mwaka 1997, lilichapwa katika vitabu vingi, vikapelekwa Ulaya kwa njia halali kabisa, na huko makumi ya watu, wakiongozwa na kijana wa Norway, Ståle Schumacher, wakapitisha kurasa maelfu katika skana na kuzisahihisha mstari kwa mstari mpaka programu ikafufuka. Kazi ambayo mashine ingeifanya kwa nukta chache ilitwaa mamia ya saa za binadamu, ili sheria iheshimiwe kwa maneno yake na kushindwa kwa kusudi lake.

Swali lililokuwa chini ya mzaha huo lilifikishwa mbele ya mahakama na Daniel Bernstein, mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Alikuwa ametunga njia ya kufumba aliyoiita Snuffle, akataka kuichapisha ili wenzake waijadili, akaambiwa aombe leseni. Mwaka 1995 aliishtaki serikali. Mawakili wa serikali walisema kwamba programu si maneno tu: ni chombo kinachotenda kazi, na mtu akiitia katika kompyuta habari zake zinafumbwa hata kama hakuelewa neno moja lake. Hoja hii haikuwa ya kipuuzi. Mapishi yaliyoandikwa hayampikii mtu chakula, lakini programu hupika. Hata hivyo Jaji Marilyn Hall Patel aliamua mwaka 1996 kwamba lugha ya kompyuta ni lugha, na mwenye kuiandika anasema. Mwezi wa Mei mwaka 1999 majaji wawili kati ya watatu wa mahakama ya rufaa walikubaliana naye, ijapokuwa uamuzi wao uliondolewa baadaye ili shauri lisikilizwe upya, na kabla halijasikilizwa serikali ikabadili kanuni zake.

Wakati huo serikali ilikuwa imejaribu pia njia ya kati. Mwezi wa Aprili mwaka 1993 ilitangaza kidude cha elektroniki kiitwacho Clipper, cha kutiwa katika simu. Kingefumba mazungumzo kwa nguvu nyingi, ila ufunguo wake ungegawanywa nusu mbili na kuwekwa amana katika ofisi mbili za serikali, zitolewe kwa idhini ya sheria. Njia yake ya kufumba ilifanywa siri. Mwaka 1994 Matt Blaze, mtafiti wa maabara ya AT&T, alichunguza vielelezo vichache akaona kwamba alama ya ukaguzi iliyoulinda mlango wa serikali ilikuwa na uwezekano 65,536 tu; mtu mwenye subira angeweza kubahatisha alama ya uongo ikakubaliwa, akaitumia nguvu ya kidude na kuwaacha walinzi nje. Clipper hakikuishi sana baada ya hapo. Ugonjwa wake, kwa kweli, ulikuwa mkubwa kuliko alama ile: haikuelezwa kwa nini mgeni anunue kufuli ambalo ufunguo wake wa pili uko Washington.

Na wageni ndio hasa walioumia kwa kanuni hizi. Kivinjari cha Netscape kilitolewa kwa namna mbili: kwa watu wa Marekani na Kanada ufunguo wa biti 128, na kwa walimwengu waliobaki, msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Muscat akiwa miongoni mwao, ufunguo wa biti 40. Tofauti hiyo si ya mara tatu. Kila biti moja huzidisha kazi ya mvunjaji maradufu. Mwezi wa Agosti mwaka 1995 Damien Doligez, mtafiti Mfaransa, alivunja fumbo moja la biti 40 kwa siku nane, akitumia kompyuta za kawaida za mahali pake pa kazi. Wafanyabiashara wa Marekani wakalalamika kwamba wanaamrishwa kuuza bidhaa mbovu, na kilio chao, yamkini kuliko hoja za Katiba, ndicho kilichosikilizwa. Mwezi wa Januari mwaka 2000 kanuni mpya ziliruhusu programu zilizochapishwa wazi kupelekwa nje, mradi mwenyewe aarifu kwa barua pepe.

Serikali ile ile ilikuwa tayari imegeuka katika jambo jingine. Ilipotaka njia mpya ya kufumba kwa matumizi yake, iliitisha mashindano ya wazi, mwaka 1997, na mwaka 2000 ikachagua kazi ya Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen.

Wapenzi wa uwazi hawakutoka katika historia hii bila doa. Mwezi wa Aprili mwaka 2014 ulitangazwa ufa ulioitwa Heartbleed katika OpenSSL, programu huria iliyolinda sehemu kubwa ya intaneti. Kosa lile lilikuwa limekaa mahali pa wazi kwa miaka miwili. Kila mtu aliweza kuyasoma maandishi yale. Karibu kila mtu alidhani mwingine ameyasoma. Waliokuwa wakiitunza programu hiyo walikuwa watu wachache mno, na mashirika yaliyopata faida kutokana nayo yaliwachangia kidogo sana.

Nazo kanuni za zamani hazikufa siku zilipofutwa. Ili kutii amri za miaka ya 1990, watengenezaji waliingiza katika programu zao funguo dhaifu za kusafirishia nje, na sheria ilipobadilika hawakuona haja ya kuziondoa. Mwezi wa Machi mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba mtu aliyekaa katikati ya mawasiliano aliweza kuilaghai kompyuta ya mbali itumie ufunguo ule dhaifu, kisha akauvunja kwa saa chache kwa kompyuta za kukodi. Tovuti nyingi sana zilikutwa na udhaifu huo, na miongoni mwao ilikuwamo ya Shirika la Usalama wa Taifa.