Kisiwa cha Bawe na Mirathi ya Waya

Mwenye kumiliki njia ya habari, aghlabu huwa na neno pia katika hatima ya wale wanaopashana habari hizo. Kauli hii yaweza kudhaniwa ni ya zama hizi za intaneti, lakini historia ya Zanzibar yaithibitisha tangu karne ya 19.

Mwaka 1879 kampuni ya Kiingereza ya Eastern and South African Telegraph ilitandaza waya wa simu chini ya bahari kutoka Aden hadi Durban, kupitia Unguja na Msumbiji. Kisiwa cha Bawe, mkabala na Mji Mkongwe, kilitolewa na Sultani, Sayyid Barghash bin Said, kiwe kituo cha kampuni hiyo. Kabla ya hapo barua ya Unguja ilitegemea meli, na jawabu lake lilisubiriwa kwa wiki nyingi. Baada ya hapo habari za karafuu na za pembe za ndovu ziliweza kufika London upesi mno. Walakini Sultani alitoa ardhi tu. Waya, mitambo na elimu ya kuiendesha vilibaki mikononi mwa wageni.

Matokeo yake yalidhihirika Agosti 1896. Sayyid Hamad bin Thuwaini alipofariki tarehe 25, Sayyid Khalid, mwana wa Barghash, aliingia katika kasri na kujitangaza mtawala. Basil Cave, aliyekaimu ubalozi wa Uingereza, alipeleka simu London kuomba idhini ya kutumia mizinga ya manowari. Jawabu likamfikia siku iliyofuata. Asubuhi ya tarehe 27 kasri ilipigwa, na katika muda usiotimia saa moja watu wapatao 500 walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Njia iliyoingia nchini kwa ridhaa ya baba ndiyo iliyopitisha amri ya kupigwa mwanawe.

Baada ya Mapinduzi na Muungano wa 1964, suala la nani mwenye kauli lilichukua sura nyingine. Posta na simu vilitiwa katika orodha ya mambo 11 ya Muungano, utangazaji haukutiwa. Tofauti hiyo, ambayo huenda wengi hawakuizingatia siku zile, ilizaa matunda. Mwaka 1973 Serikali ya Mapinduzi ilianzisha Televisheni Zanzibar, iliyosifika kuwa televisheni ya rangi ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara. Tanzania Bara, ambako televisheni ilihesabiwa kuwa anasa, ilisubiri hadi 1994, na hata hapo walioanza walikuwa watu binafsi. Kwa miaka ishirini na ushei, basi, visiwa vidogo viliona vilichoamua vyenyewe kukiona.

Kwa upande wa simu, mambo hayakuwa mepesi hivyo. Zantel ilipoanzishwa mwaka 1999, Serikali ya Zanzibar iliingia kama mwenye hisa, pamoja na wawekezaji kutoka nje. Hisa humpa mtu kiti mezani. Kanuni hutungwa kwingine. Sheria ya 2003 iliyounda Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliipa mamlaka hiyo simu za pande zote mbili, ilhali utangazaji wa Zanzibar ukabaki chini ya tume yake yenyewe, iliyoundwa kwa sheria ya 1997.

Mpaka huo ulieleweka pale ambapo simu ilikuwa simu na televisheni ilikuwa televisheni. Leo kijana wa Wete hutazama taarifa ya habari katika kiganja chake, kwa njia ile ile anayompigia mama yake. Je, kinachopita hapo ni mawasiliano, yaliyo ya Muungano, au ni utangazaji, ulio wa Zanzibar? Waliogawa mambo mwaka 1964 hawakuwa na sababu ya kulifikiria swali hilo. Sisi hatuna udhuru wa kulikwepa.

Mwaka 2019 Zanzibar ilitunga sheria ya kuunda wakala wake wa miundombinu ya teknolojia ya habari, ZICTIA, na hiyo ni hatua ya kupongezwa. Lakini Bawe yatufunza kwamba kumiliki mahali waya unapopita si sawa na kuumiliki waya, na kuumiliki waya nako hakutoshi pasi na watu wenye kuujua na sheria zenye kuutambua. Visiwa vyetu vimewahi kutoa ardhi pasipo kupata elimu, na vimewahi kuamua mambo yake vikatangulia wengine. Njia zote mbili tumezipita, na faida ya kila moja twaijua.