Majumba ya Natchez na Jasho Lililoyajenga

Katika kila jamii yenye matabaka, tabaka linalotawala hujenga majumba yake kwa nguvu za wengine, kisha husimulia historia kana kwamba majumba hayo yalijijenga yenyewe. Mji mdogo wa Natchez, kando ya mto Mississippi kusini mwa Marekani, ni mfano ulio wazi.

Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, Natchez ilikuwa makao ya mabwanyenye wa pamba. Mashamba yao mengi yalikuwa ng'ambo ya mto, Louisiana. Mjini walijenga makazi ya fahari. Stanton Hall ilikamilika mwaka 1857. Longwood, jumba la pembe nane, lilianza kujengwa mwaka 1860. Vita vilipozuka, mafundi kutoka Kaskazini waliacha vyombo vyao wakarudi kwao. Sehemu ya chini ilimaliziwa kwa kazi ya watumwa. Ghorofa za juu hazijakamilika mpaka leo.

Mali hiyo ilitoka wapi? Jibu liko pembeni mwa mji, mahali paitwapo Forks of the Road. Hapo palikuwa na soko la watumwa lililozidiwa na la New Orleans tu katika eneo hilo la Kusini. Watu walinunuliwa Virginia na Maryland, wakaswagwa kwa miguu wakiwa minyororoni, au wakaletwa kwa meli, ili wakauzwe kwa wenye mashamba.

Mnyororo huo ulifika hata kwetu. Pamba ya Kusini ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, na wafanyabiashara wa Salem wakaileta Unguja ikiwa kitambaa, hasa baada ya mkataba wa 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said. Ndiyo asili ya nguo iitwayo marekani, iliyobebwa na wapagazi hadi bara kubadilishwa kwa pembe za ndovu. Jasho la Mwafrika wa Mississippi lilinunua jasho la Mwafrika wa Unyamwezi, na faida ikaenda kwa wengine.

Mwaka 1863 jeshi la Kaskazini liliingia Natchez, na askari Weusi walishiriki kulibomoa soko lile. Majumba yalibaki. Mji haukuharibiwa na mapigano makubwa, na baada ya vita umaskini uliwanyima wenyeji fedha za kubomoa na kujenga upya. Mwaka 1932, katikati ya mdororo wa uchumi, wanawake wa chama cha bustani walianza kuwatembeza wageni kwa kiingilio, wakiwa wamevaa magauni mapana ya enzi ya mabibi wa mashamba. Kwa miaka mingi wageni walisikia habari za samani na karamu, wasisikie habari za soko. Hivyo utumwa uliozaa utajiri ulifichwa, na majumba yakazaa utajiri mara ya pili.

Ukimya huo haukudumu, kwani Weusi wa Natchez waliupinga. Hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 1988, na mwaka 2021 Forks of the Road ikaingizwa ndani yake. Humo pia imo nyumba ya William Johnson, kinyozi Mweusi aliyezaliwa mtumwa, akaachwa huru, akaandika shajara tangu 1835 hadi alipouawa mwaka 1851. Yeye naye alimiliki watumwa. Hapa kada makini ajifunze kwamba rangi peke yake haielezi unyonyaji. Lazima tuchunguze nani anamiliki na nani anafanya kazi.

Je, majumba kama hayo yabomolewe? La. Kubomoa ushahidi ni kumsaidia mnyonyaji. Nasi tunayo majumba ya mawe Bagamoyo na Unguja, yenye milango ya nakshi inayosifiwa na wageni. Kila tunapoyahifadhi hatuna budi kuuliza: nani alibeba mawe? Nani alilipwa? Nani anasimulia? Jengo lisilojibu maswali hayo limehifadhiwa nusu tu.