Uwiano wa difu na uchakavu wa giaboksi

Uwiano wa difu ni idadi ya mizunguko ambayo propela shafti hufanya ili gurudumu lizunguke mara moja. Hupatikana kwa kugawa meno ya kraunwili kwa meno ya pinioni: 41 kwa 11 ni 3.73, na 41 kwa 10 ni 4.10. Kwa gari linalokokota mzigo mzito, namba hiyo ndiyo huamua kwa sehemu kubwa umri wa giaboksi, ingawa wanunuzi wengi huulizia injini pekee.

Mgawanyo wa msokoto

Gari linalopanda mlima na tela huhitaji kiasi fulani cha msokoto magurudumuni, na difu haipunguzi hitaji hilo. Kinachobadilika ni mzigo unaoiangukia giaboksi. Ekseli ikihitaji Nm 4,000, difu ya 3.31 huitaka giaboksi itoe takriban Nm 1,210, ilhali ya 4.10 huridhika na Nm 975. Meno ya gia, beringi na propela shafti hupata nafuu ya karibu asilimia 19.

Nafuu hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Maisha ya beringi ya gololi hupungua kwa kipeo cha tatu cha mzigo, hivyo mzigo ukizidi kwa asilimia 24, kama ilivyo kwa 3.31 dhidi ya 4.10, beringi hubakiwa na karibu nusu ya mizunguko yake. Ni kweli kwamba difu ya 4.10 huizungusha shafti mara nyingi zaidi kwa kila kilomita. Hata ukilihesabu hilo, beringi ya giaboksi inayofanya kazi na difu ya 3.31 hufikia takriban theluthi mbili tu ya kilomita za mwenzake.

Giaboksi za otomatiki

Hizi ndizo huumia zaidi, na kinachoziua ni joto. Difu ikiwa na uwiano mdogo, injini hushindwa kushikilia gia ya juu mlimani. Giaboksi hupanda na kushuka gia bila kutulia, klachi ya kufungia tokikonveta huachia, na mtelezo kati ya injini na giaboksi hugeuka joto ndani ya oili. Kanuni ya mafundi husema kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya joto la kawaida, ambalo ni kama 80, hukata maisha ya oili kwa nusu. Oili ikishaungua, sahani za klachi huanza kuteleza, na hapo ukarabati huwa wa gharama kubwa mno. Kipoza oili cha ziada husaidia, lakini hakiondoi chanzo. Kwa pikapu za Marekani kama Ford F-150, uzito unaoruhusiwa kukokotwa hutofautiana kati ya difu ya 3.31, 3.55 na 3.73 hata injini ikiwa ileile.

Giaboksi za mkono

Uwiano mkubwa hufupisha muda wa klachi kuteleza wakati wa kuondoka. Dereva mwenye tela aiache gia ya tano: katika giaboksi nyingi ni gia ya nne inayopitisha nguvu moja kwa moja, bila kuyabebesha meno ya shafti ya chini.

Matairi

Tairi zenye kipenyo kilichozidi kwa asilimia 10 huigeuza difu ya 4.10 kuwa sawa na 3.73. Wanaoinua Land Cruiser na kuivisha tairi kubwa, kisha wakaifungia tela, huichosha giaboksi bila kujua.

Malori

Baadhi ya malori ya kazi ngumu hupunguza mwendo mara ya pili kwenye habu za magurudumu kwa gia za sayari, hivyo difu na propela shafti hazibebi msokoto wote. Ekseli za Eaton za mwendo wa aina mbili zilimpa dereva uwiano wa mlimani na wa tambarare. Malori mapya ya masafa marefu yameelekea kwenye uwiano mdogo, chini ya 3, ili kuokoa mafuta. Msokoto katika shafti zake umepanda.

Gharama

Kutoka 3.31 hadi 4.10, injini huzunguka kwa asilimia 24 zaidi katika mwendo na gia ileile, na hunywa mafuta zaidi barabara ikiwa tambarare. Anayebadilisha difu ya gari la magurudumu manne abadilishe ya mbele na ya nyuma pamoja, na spidomita irekebishwe.