Filamu bora na filamu iliyovunja moyo: Mizani ya mtazamaji wa Gusii

KILA mwaka unapofika ukingoni, wapenzi wa filamu huanza kuulizana swali lile lile: Ni filamu ipi iliyofana kuliko zote, na ni ipi iliyowavunja watu moyo?

Mjadala huu si wa Nairobi pekee. Mjini Kisii, mjini Nyamira na katika soko la Keroka lililoko mpakani mwa kaunti hizi mbili, filamu hujadiliwa kwa ari ile ile ambayo watu huijadili soka.

Tatizo ni kwamba ubishi wenyewe aghalabu hukosa mizani. Mmoja hutaja tuzo, mwingine idadi ya waliotazama mtandaoni, wa tatu hutetea mwigizaji anayempenda. Mwishowe mwenye sauti kubwa ndiye hushinda.

Makala haya yanaeleza ni nani huamua ubora wa filamu nchini, yanarejelea miaka kadhaa ambapo uamuzi ulizua mvutano, na kupendekeza vigezo ambavyo mtazamaji wa Gusii anaweza kuvitumia. Kwake yeye suala hili si la burudani tu, kama tutakavyoona.

MBAYA NA YA KUVUNJA MOYO

Kwanza, ni muhimu kutofautisha filamu mbaya na filamu ya kuvunja moyo.

Filamu mbaya hujitambulisha mapema. Sauti haisikiki vyema, picha zina kiza, na waigizaji hukariri maneno kama wanafunzi mbele ya mkaguzi. Kwa kuwa hakuna aliyetarajia makuu, hakuna anayesikitika sana.

Filamu ya kuvunja moyo ni ile iliyotoa ahadi kisha ikashindwa kuitimiza. Ahadi hiyo huweza kuwa jina la mwelekezi, uzito wa mada au sifa zilizotangulia kutangazwa. Filamu ya aina hii huenda hata ikawa imetengenezwa kwa ustadi mkubwa na kutuzwa.

Kwa hivyo, anayedai kwamba filamu fulani imemvunja moyo ana wajibu wa kueleza ilimwahidi nini. Asipoweza, basi huenda filamu haikumlenga tangu mwanzo.

NANI HUAMUA?

Nchini Kenya, asasi kadhaa zina usemi kuhusu filamu, na mara nyingi wananchi huzichanganya.

Bodi ya Uainishaji wa Filamu (KFCB) hutekeleza Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Kazi yake ni kuainisha filamu kwa kuzingatia umri wa watazamaji. Alama ya GE humaanisha kwamba filamu inafaa watu wote, PG huhitaji mwongozo wa mzazi, nayo 16 na 18 huonyesha umri wa chini unaoruhusiwa. Alama hizi hazisemi lolote kuhusu ubora. Filamu yenye alama ya 18 yaweza kuwa johari, nayo ya GE ikawa kapi.

Tume ya Filamu ya Kenya (KFC), iliyoanzishwa mwaka wa 2005, ina jukumu la kukuza sekta yenyewe. Tume hiyo ndiyo iliyoanzisha tuzo za Kalasha mwaka wa 2009, ambazo huzingatia maoni ya majaji na pia kura za umma.

Kuna vilevile kamati inayoteua filamu ya kuiwakilisha Kenya katika tuzo za Oscar nchini Marekani. Filamu ya kwanza ya Kenya kuwasilishwa ilikuwa Nairobi Half Life ya mwelekezi David 'Tosh' Gitonga, mwaka wa 2012.

Shuleni nako kuna tamasha za kitaifa za drama, zilizoanza mwaka wa 1959 na ambazo baadaye zilipanuliwa ili kujumuisha filamu. Shule za Kisii na Nyamira hushindana katika eneo la Nyanza kabla ya kufuzu ngazi ya kitaifa. Huko ndiko vijana wengi hupata kushika kamera kwa mara ya kwanza.

Kila asasi ina shabaha yake, na mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Majaji wa ughaibuni hutafuta upya wa mtindo, kamati ya Oscar hutafuta kitakachoeleweka ng'ambo, nao wapiga kura hutafuta nyota wao.

Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu wakazi 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Watu hao karibu milioni mbili wana haki ya kuwa na mizani yao wenyewe, pamoja na ile ya majaji.

MWAKA WA FILAMU NI UPI?

Jambo jingine linalotatiza mjadala ni mwaka wenyewe. Filamu huweza kuzinduliwa katika tamasha la ng'ambo mwaka huu, ikaonyeshwa Nairobi mwaka ujao, na kumfikia mtazamaji wa Ogembo au Ekerenyo miaka miwili baadaye kupitia simu.

The Letter, kwa mfano, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Uholanzi mwishoni mwa 2019, lakini iliteuliwa kuiwakilisha Kenya katika tuzo za Oscar mwaka uliofuata.

Lililo la haki ni kuhesabu mwaka ambapo umma wa Kenya ulipata fursa ya kuitazama filamu kihalali. Vinginevyo, tutakuwa tukisifu na kulaumu vitu ambavyo wengi wetu hatujaviona.

MVUTANO WA 2018

Mwaka wa 2018 ni mfano bora wa hatari hiyo.

Mwaka huo Kenya ilikuwa na filamu mbili zilizovuma duniani. Ya kwanza ni Rafiki ya Wanuri Kahiu, kuhusu mapenzi ya wasichana wawili jijini Nairobi. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa katika orodha rasmi ya tamasha la Cannes, Ufaransa. Ya pili ni Supa Modo ya Likarion Wainaina, kuhusu Jo, msichana wa miaka tisa anayeugua maradhi yasiyo na tiba, ambaye wanakijiji wanashirikiana kumtimizia ndoto ya kuwa shujaa wa filamu.

KFCB iliipiga Rafiki marufuku mnamo Aprili. Septemba mwaka huo, Jaji Wilfrida Okwany, ambaye baadaye alihudumu katika Mahakama Kuu ya Nyamira, aliondoa marufuku hayo kwa siku saba ili filamu iweze kutimiza sharti la kuonyeshwa nyumbani kabla ya kuwania Oscar. Hata hivyo, kamati iliteua Supa Modo. Mnamo 2020 Mahakama Kuu, kupitia uamuzi wa jaji mwingine, iliidhinisha marufuku ya Rafiki.

Waliobishana kuhusu filamu hizi walikuwa wengi kuliko waliozitazama. Kuna walioitaja Rafiki kuwa bora kwa sababu tu ilipigwa marufuku, na kuna walioiita aibu kwa sababu hiyo hiyo. Pande zote mbili zilihukumu marufuku badala ya kuhukumu filamu.

Supa Modo nayo ilistahili mjadala wa kina zaidi. Anayeipinga anaweza kusema kwamba kisa cha mtoto anayekaribia kufa humlazimisha mtazamaji kulia. Anayeitetea anaweza kujibu kwamba kiini chake ni jamii inayoungana kutengeneza filamu kwa vifaa haba, na kwamba kibanda cha video cha kijijini, pamoja na mtu anayewatafsiria na kuwasimulia watazamaji yanayotendeka, kimeonyeshwa kwa heshima na upendo.

Aliyewahi kuketi kwenye benchi la mbao akisikiliza masimulizi ya DJ Afro juu ya filamu za mapigano ataelewa uzito wa hoja hiyo. Huo ndio mjadala wa filamu: kila upande unataja kilichomo ndani ya kazi yenyewe.

PADRI KAISER NA MATARAJIO YA GUSII

Mnamo 2011 Bob Nyanja alitoa The Rugged Priest, filamu iliyochochewa na maisha ya Padri John Kaiser, mmishenari Mmarekani wa shirika la Mill Hill.

Kaiser alifika Kenya mwaka wa 1964 na kuhudumu kwa miaka mingi katika Dayosisi ya Kisii kabla ya kuhamia Dayosisi ya Ngong, ambako aliwatetea waliofurushwa katika ghasia za kikabila. Mwili wake ulipatikana Agosti 24, 2000 kando ya barabara karibu na Naivasha. Wapelelezi wa FBI walisema mwaka wa 2001 kwamba huenda alijiua, lakini uchunguzi wa mahakama uliokamilika Agosti 2007 uliamua kwamba aliuawa.

Filamu yenyewe imeegemea Bonde la Ufa na mizozo ya ardhi ya miaka ya 1990. Hilo si kosa, kwa sababu msanii ana uhuru wa kuchagua sehemu ya maisha atakayosimulia. Lakini mkongwe wa Gusii aliyebatizwa au kufundishwa na padri huyo alikuwa na matarajio tofauti na ya mtazamaji wa Nairobi. Alitaka kumwona mtu aliyemfahamu.

Hapa tunajifunza kwamba filamu moja huweza kuwa bora kwa mtu mmoja na kumvunja moyo mwingine, na wote wawili wakawa na haki. La muhimu ni kila mmoja kutaja anasimama wapi anapohukumu.

PALE AMBAPO KOSA HUUA

Kuna mada moja ambayo mtazamaji wa Kisii na Nyamira hawezi kuichukulia kama burudani tu. Nayo ni uchawi.

Mnamo Mei 2008, watu 11 waliodaiwa kuwa wachawi waliteketezwa na umati katika eneo la Kisii. Oktoba 2021, wanawake wanne wakongwe waliuawa katika kijiji cha Nyagonyi, Marani, kwa madai kama hayo. Mara nyingi waathiriwa huwa wazee na wajane, na nyuma ya tuhuma huwepo mizozo ya ardhi, maradhi yasiyoeleweka au chuki za kifamilia.

Hata hivyo, katika vichekesho vingi vya runinga na mitandaoni, Omogusii huletwa ili achekeshe kwa lafudhi yake au atishe kwa uchawi. Mwandishi wa mswada huona kwamba amepata njia rahisi ya kuwachangamsha watazamaji. Lakini picha ya bikizee anayepaa usiku hubaki akilini mwa kijana atakayesikia kesho kwamba jirani yake ametajwa kuwa omorogi, yaani mchawi.

Sidai kwamba filamu ndiyo inayowasha moto. Ninachosema ni kwamba filamu inayouthibitisha uvumi humwondolea muuaji shaka, na shaka hiyo ndiyo ambayo ingemwokoa ajuza.

The Letter, iliyoelekezwa na Maia Lekow na Chris King, inaonyesha njia nyingine. Ni filamu ya uhalisia kutoka Kaunti ya Kilifi, ambako wazee pia wameuawa kwa tuhuma kama hizi. Kijana anayeishi Mombasa anagundua kupitia Facebook kwamba nyanyake, mwenye umri wa zaidi ya miaka 90, anaitwa mchawi. Anarejea nyumbani kutafuta ukweli, na polepole mtazamaji anatambua kwamba kiini cha tuhuma ni shamba.

Filamu hiyo haiwatukani wanaoamini uchawi wala haimfanyi bibi kuwa kioja. Inampa muda wa kuzungumza, kulima na kucheka. Mtazamaji wa Marani anaweza kuiona familia ya Kilifi na kuitambua familia yake. Kwa mizani hiyo, kwa maoni yangu, filamu hii ndiyo iliyostahili kuitwa bora mwaka huo hata bila Oscar.

VIGEZO VITANO

Kutokana na mifano hii, mtazamaji anaweza kujiuliza maswali matano kabla ya kutoa uamuzi.

Kwanza, je, nimeitazama filamu yenyewe, mwanzo hadi mwisho, au nimesikia tu habari zake?

Pili, ilitoa ahadi gani, na imeitimiza kwa kiwango gani? Kichekesho kipimwe kwa vicheko vyake, nayo filamu ya kihistoria ipimwe kwa uaminifu wake kwa yaliyotukia.

Tatu, ufundi wake ukoje? Sauti, mwanga, uhariri na uigizaji havipaswi kusamehewa kwa sababu tu mada ni nzuri. Mgala muue na haki umpe: anayeipinga mada pia akiri pale ufundi unapostahili sifa.

Nne, lugha imetumiwaje? Mhusika anayezungumza Ekegusii au Kiswahili chenye lafudhi ya Gusii anaweza kuwa daktari, mpenzi au mama aliyefiwa. Iwapo lafudhi hiyo ipo ili kuchekwa tu, mwandishi amekwepa kazi yake.

Tano, ni nani atakayebeba gharama iwapo filamu imekosea? Ikiwa ni mtayarishaji anayepoteza fedha zake, hayo ni ya biashara. Ikiwa ni mjane anayeishi peke yake kando ya shamba linalotamaniwa na wengi, basi kosa hilo haliwezi kufunikwa na picha za kupendeza.

Waandalizi wa tuzo hawatatumia vigezo hivi, wala hawalazimiki. Lakini walimu wa drama wanaweza kuwazoesha wanafunzi wao kuvitumia kabla hawajaandika mswada wa kwanza. Wanafunzi hao ndio watakaoamua iwapo filamu ijayo kuhusu Gusii itasimuliwa na wanaoijua au na wapita njia.